Tulipelekwa Kuona Bahari

Juzi, mvua ilipokatika, jirani yangu mmoja hapa Korogwe, kijana anayefanya biashara ya maharage, alianika turubai la lori mbele ya mlango wangu. Turubai la zamani, la kijani, zito. Jua lilipolipiga, harufu ikaingia ndani mpaka jikoni: mafuta ya taa, vumbi, uvundo wa magunia, jasho la watu. Nilikuwa napepeta mchele. Nikaweka ungo chini, nikatoka, nikamwambia aliondoe.

"Mama, si linakauka tu? Saa moja hivi naondoa."

"Liondoe sasa hivi, kabla sijalichana."

Akaliondoa huku ananung'unika, eti mama huyu leo ameamka na nini.  Angenielewa wapi, mtoto wa juzi?

Nyinyi wa rika langu labda mtanielewa. Kila tukikutana msibani au harusini, mnaanza kusimulia: tulisoma bure, madaftari bure, uji wa shule, nyimbo za Ujamaa mstarini asubuhi. Na mimi naitikia, maana ni kweli, nilisoma bure. Halafu hakosekani mtu wa kunigeukia na kusema, "Nyinyi wa Handeni mlikuwa na bahati, mlipelekwa mpaka Tanga kuona bahari!" Hapo damu hunichemka. Nikinyamaza mnasema mama fulani ana maringo. Basi leo sinyamazi.

Kwetu kulikuwa mwendo wa saa tatu kwa miguu kutoka Chanika, ile ya Handeni mjini. Hakikuwa kijiji kama mnavyovijua sasa, nyumba zimepangwa mstari. Kila mzee alikuwa na kwake, na shamba lake, na makaburi ya watu wake nyuma ya nyumba. Sisi tulikuwa watatu: mimi, mama yangu, na Bibi mzaa baba. Baba alikuwa kwenye mkonge upande wa Korogwe, tukimwona mara chache. Nyumba ilikuwa ya Bibi. Juu ya jiko alikuwa na dari ya fito, na juu ya dari hiyo ndiko kulikokaa mahindi, kwenye magunzi yake, moshi ukiyafukiza mchana na jioni ili wadudu wasiyaguse. Chakula cha mwaka mzima kilikuwa pale, na mbegu za kupanda zilikuwa pale pale. Ukiingia ndani ya nyumba ile macho yanawasha kwa moshi, lakini unajua hutalala njaa.

Nilikuwa darasa la nne, na nilikuwa mjuaji. Nasema wazi, nilikuwa mjuaji wa kutia kichefuchefu. Bibi alizungumza Kizigua, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. Mimi nilikuwa na Kiswahili cha shule, cha kusimama wima na kujibu sentensi nzima. Nikimsikia Bibi anakosea neno, namrukia. Naye hakasiriki. Anacheka, anarudia nilivyomwambia, anakosea tena.

Aliyenitia kichwa kikubwa ni mwalimu wetu wa jiografia. Alikuwa kijana mrefu, suruali ya bugaluu iliyopanuka miguuni, kalamu mbili mfukoni. Tulimpenda! Nyinyi mnajua mtoto anavyoweza kumpenda mwalimu. Kila somo alianza kwa kusema jua linatokea upande gani wa wilaya; angesema linatokea Handeni, tungesema ndiyo, mwalimu, tumeliona likitoka. Siku moja alituchorea ubaoni kisiwa cha volkano. Alisema chini ya bahari kuna moto, moto unapasua maji, ukipoa unakuwa jiwe jeusi, jiwe linakuwa kisiwa, na upepo wa huko haulali. Kisha akapangusa chaki mikononi akasema, "Na nyinyi darasa la nne, kwa kazi mliyofanya kwenye shamba la shule, mtapelekwa kuona kisiwa kwa macho yenu." Tulipiga kelele mpaka mwalimu wa darasa la pili akaja kuchungulia.

Kabla ya safari, wazazi wakaitwa shuleni. Mwalimu wetu ndiye aliyesimama kuwasomea barua. Alisoma kwanza habari ya safari yetu, siku tatu, kula na kulala Korogwe bure. Watu wakafurahi. Kisha akasoma kwamba siku hizo hizo viongozi watafika kuhamasisha wananchi kuhusu kuishi pamoja.

Bibi akasimama. Alikuwa anasimama kwa shida, maana miguu yake ilikuwa inavimba, lakini akasimama.

"Mwalimu, nimesikia. Mnatuhamisha. Mnatuhamishia wapi?"

 Habari za watu waliotolewa kwao kwa nguvu zilikuwa zimeanza kutufikia. Mwalimu akatabasamu. Akaangaza macho kwenye mistari ya wanafunzi mpaka akaniona mimi.

"Hebu msaidie bibi yako. Mwambie vizuri neno nililosoma."

Nikasimama. Mungu wangu, nilivyosimama! Kifua mbele.

"Bibi, si kuhamisha. Ni ku-ha-ma-si-sha. Kuhamisha ni kumwondoa mtu mahali anapokaa. Kuhamasisha ni kuwatia watu hamasa, yaani kuwapa moyo."

Wazazi wakaangua kicheko, wengine kwa kupumua tu, kwamba kumbe si lile walilolihofia. Mwalimu akasema mtoto huyu apigiwe makofi, nikapigiwa. Nilivikwa kilemba cha ukoka mbele ya kadamnasi, nami nikakivaa.

Na Bibi? Mngetegemea aone aibu. Wapi! Bibi alifurahi kuliko wote. Njiani alimwambia kila aliyepishana naye, "Mjukuu wangu kasoma huyu, mnamsikia?"

Sasa sikilizeni jambo ambalo wakati ule sikulipa uzito. Siku mbili kabla ya mkutano ule, Bibi na mama walikuwa wameanza kushusha mahindi darini. Walikuwa wamechimba shimo porini, wakitaka kuyaficha huko, na mbegu kwanza. Karibu nusu ilikuwa imeshuka, imepangwa sakafuni kwenye makapu. Jioni ile tuliporudi, mama aliuliza, "Tuendelee?" Bibi akasema, "Tuendelee nini? Mtoto aliyesoma kasema si kuhamisha. Basi si kuhamisha. Yarudisheni juu, yataliwa na mchwa huko porini."

Mimi ndiye niliyepanda darini, kwa kuwa nilikuwa mwepesi. Mama alinipa kapu, na mimi nikapanga. Nilipanga vizuri, gunzi moja moja.

Kesho yake Bibi akanipa kibuyu kidogo kilichofungwa kamba shingoni. Huku kwetu mtu akienda pwani huagizwa maji ya bahari, ni dawa, wengine huogea kuondoa mikosi, wengine ni ya vidonda. Bibi alitaka ya miguu yake. "Usichote yaliyosimama," aliniambia. "Chota pale yanapopiga jiwe. Na usiweke chini mpaka ufike kwangu." Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu katika safari nzima. Wenzangu walikuwa wanakwenda kuona. Mimi nilikuwa nakwenda kuleta.

Tukapakiwa kwenye lori, chini ya turubai, tukaimba mpaka sauti zikakauka. Tukalala Korogwe kwenye madarasa ya shule moja, asubuhi tukanywa uji, tukaendelea mpaka Tanga. Pale bandarini tukaingizwa kwenye boti ya injini, makundi kwa makundi, ituvushe kwenye kisiwa kidogo kilichoko mbele ya mji.

Nataka niseme ukweli kuhusu siku ile, na ukweli ndio unaoniudhi zaidi: ilikuwa siku nzuri. Sijapata kuona siku nzuri vile katika utoto wangu wote. Upepo ulikuwa unavuma moja kwa moja, unaingia masikioni, unajaza sketi, ukifungua mdomo unakunywa upepo. Mawe ya kisiwa yalikuwa meusi, makali, yametoboka toboka, maji yanaingia chini yake yanaguna kisha yanaruka juu meupe. Tuliramba midomo yetu, chumvi! Tukarambana mikono kuhakikisha kama ni chumvi kweli. Kwa mbali meli zilikuwa zimesimama, na mwalimu akatuambia zinachukua mkonge, nikafikiri labda kamba za baba yangu zimo.

Nikamwambia yule mzee aliyekuwa akiendesha boti, "Mzee, shikamoo. Hiki ndicho kisiwa kilichotoka kwenye moto?"

"Marahaba. Moto gani, binti?"

"Wa chini ya bahari. Wa volkano."

Yule mzee akacheka mpaka akashika ukingo wa boti. "Nani kakudanganya? Haya ni matumbawe. Yameota humu humu majini, polepole. Hapa hapajawahi kuwaka moto."

"Mwalimu ametufundisha."

"Basi mwalimu wako kakudanganya vizuri."

Nilimchukia mzee wa watu. Nilimwona mshamba, hajasoma, anampinga mwalimu. Nikakimbilia kumshtaki. Mwalimu akanisikiliza, akatazama upande mwingine, akasema tu, "Hayo ya kitabuni ni ya kitabuni. Nenda ukacheze." Nikaona mwalimu wangu kachoka. Mtoto haoni zaidi ya hapo.

Muda wa kurudi ulipokaribia nikaenda kuchota maji. Nilichagua jiwe ambalo mawimbi yalikuwa yanalipiga sawasawa. Nikainama, wimbi likaja, likanibwaga, goti likachanika kwenye jiwe. Mwalimu alikuja mbio. Alinishika mkono wa kushoto, akanishikilia imara, ili mkono wa kulia ufike majini na kibuyu kijae. Nakumbuka mkono wake ulikuwa wa moto, na viganja vyake laini.

"Maji ya nani hayo?"

"Ya Bibi, mwalimu. Ya miguu. Kaniambia nisiyaweke chini mpaka nifike nyumbani."

 Alitazama bahari muda mrefu, upepo unampeperusha bugaluu lake. Kisha akasema, "Kibane vizuri kisimwagike."

Alijua! Nyinyi, alijua! Saa ile ile ananishika mkono, kule kwetu lori lilikuwa limeshafika. Mimi nacheka upepo umejaza sketi, na Bibi yangu anabishana na watu waliopanda juu ya paa lake. Nimepiga hesabu ya saa ile mara nyingi, wa kwanza kupanda boti, wa mwisho kushuka, jua lilikuwa wapi. Kila nikipiga inakuja palepale.

Siku ya tatu tukaondoka Korogwe. Tulipofika kwenye njia panda ya kwetu, lori halikukata. Likapita. Sisi tukapiga makofi! Tulidhani safari imeongezwa. Likaenda, likaingia kwenye uwanda wenye vichaka vilivyofyekwa, vigingi vimepakwa chokaa na kuandikwa namba, na katikati ya vigingi watu wamekaa juani. Wengine wamekaa juu ya vitanda, wengine juu ya vinu. Kuku wamefungwa miguu.

Nikamuuliza mwenzangu, "Na hapa tunaonyeshwa nini?"

 Alikuwa anamtazama mama yake.

Mwalimu akafungua mlango wa nyuma wa lori. Akasema, bila kututazama, "Haya, karibuni nyumbani."

Wengine tukacheka, tukidhani ni mzaha. Kisha nikamwona mama yangu amekaa kando ya kigingi chenye namba, kitanda chetu kimeegemezwa ubavuni, na amejifunika kanga kichwani kama aliyefiwa. Aliponiona aliruka, akanishika kwa nguvu mpaka nikaumia.

"Ningekimbia na wewe," alikuwa anasema. "Ungekuwepo ningekimbia na wewe porini. Walituambia, mnaotaka watoto wenu pandeni lori, watoto wenu mtawakuta huko mbele. Ningefanya nini?"

Hiyo ndiyo zawadi ya shamba la shule. Sisi hatukupelekwa kuona kitu. Tulikuwa chambo. Mama zetu walikuwa tayari kuingia porini, na walijua kila kichochoro cha pori lile, lakini hakuna mama anayekimbia kuelekea kusini wakati mtoto wake yuko kaskazini.

"Bibi yuko wapi?"

Mama akaniachia. Akaniambia Bibi alikataa kupanda. Alikaa mlangoni, akasema yeye hana mtoto aliyepelekwa baharini, ana makaburi tu, na makaburi hayapandi lori. Basi wakamtoa mlangoni wakamweka kando, wakang'oa milango, wakatia moto paa ili mtu asirudi. Paa likaangukia dari. Mahindi yaliwaka mchana kutwa. Mama alisema yalikuwa yanapasuka, watu wanayasikia mpaka walipopandishwa lori. Bibi aliachwa pale, amekaa anatazama.

Siku mbili nilikaa na kibuyu mapajani. Maji ya kunywa yalikuwa hayajaletwa, watu wana kiu, mtoto wa jirani akaninyang'anya akagugumia, akatema na kunitukana. Sikukiweka chini. Kila aliyetokea upande wa njia, nilisimama. Mama akinipa chakula sikitaki. Nilikuwa nawaza kitu kimoja tu: kama Bibi amekufa, mimi ndiye niliyemuua, kwa maana mimi ndiye niliyesema si kuhamisha.

Akaja siku ya tatu, mchana. Alikuja kwa miguu, anatembea na kusimama, na miguu ilikuwa imevimba mpaka vidole havionekani. Kanga yake ilikuwa na matundu ya cheche. Mkononi hakuwa na kitu. Mama akamkalisha kitandani, mimi nikapiga magoti nikaanza kumwosha miguu na yale maji. Nilikuwa nalia, maji ya bahari na machozi, sijui yapi yalikuwa na chumvi zaidi.

"Bibi, nisamehe."

Aliitazama miguu yake. Kisha akasema, "Hebu lile neno liseme tena."

Hakuwa ananisuta. Nyinyi mnamjua mtu anayesuta. Alikuwa anauliza kabisa, mtu anayetaka kuelewa. Nikafungua mdomo, neno halikutoka.  Bibi akatikisa kichwa.

"Masikio yangu ni mazima, mjukuu wangu," akasema. "Nilisikia vizuri."

Basi. Hakulitaja tena mpaka anakufa. Mwaka ule mvua zilikuwa mbaya, na hatukuwa na hata punje moja ya kupanda. Tulipanga foleni ya unga wa yanga, ule wa njano, Bibi akiutazama sahani nzima bila kuugusa. Hakufika mavuno yaliyofuata. Tulimzika kwenye kiwanja chenye namba, mbali na mume wake, mbali na watoto wake wawili waliotangulia, jirani na mtu asiyemjua.

Najua mtakalosema. Mtasema kijiji kile kilipata zahanati, na kisima, na barabara. Kilipata, baadaye. Mwanangu wa kwanza alichanjwa kwenye zahanati ile. Sikatai zahanati. Wangekuja wakasema, mama, tunakuhamisha, chukua mbegu zako uje, labda Bibi angetukana, angelia, halafu angekuja na makapu yake. Ninachokataa ni kudanganywa Bibi yangu kwa mdomo wangu mimi. Walikuwa na bunduki, walikuwa na lori, walikuwa na barua yenye mhuri. Kulikuwa na haja gani ya kumtafuta mtoto wa darasa la nne?

Mwalimu wetu alihamishwa muda mfupi baadaye, nikasikia kapanda cheo. Sikumwona miaka mingi. Kisha mwaka mmoja, binti yangu alipokuwa anamaliza shule hapa Korogwe, wazazi tulialikwa kwenye mahafali. Meza kuu alikaa mzee mmoja, mwalimu mstaafu, kichwa cheupe, koti la kijivu. Sikumtambua mpaka aliposimama kuzungumza na kusema jua linatokea upande gani wa wilaya hii. 

Baada ya hotuba, wazazi tukapangwa mstari kwenda kumsalimia. Kila mtu anainama, shikamoo mwalimu, shikamoo mzee, naye anaitikia marahaba, marahaba, anashika watoto vichwa. Nilipofika mbele yake akanitazama sana.

"Wewe nakufahamu," akasema, macho yakang'aa. "Wewe ni yule mtoto wangu wa kule nyuma ya Chanika! Yule mwenye akili! Jamani, hawa ndio niliowapeleka kuona bahari."

Akanyoosha mkono. Akainamisha sikio kidogo, kama wafanyavyo wazee, anasubiri shikamoo yake.

Nikasimama. Sikunyoosha mkono wala sikufungua mdomo. Mstari nyuma yangu ukatulia. Binti yangu akanifinya kiunoni, akanong'ona, "Mama, msalimie. Mama, aibu hii." Mwalimu mkuu akatabasamu kwa wasiwasi. Mzee akaendelea kusubiri, mkono wake uko hewani, na nikaona sura yake inavyobadilika, anakumbuka kidogo kidogo, mpaka akafika.

Akashusha mkono. Akasema kwa sauti ya chini, mimi peke yangu nikamsikia, "Mwanangu, mimi nilitumwa."

"Na ukanituma mimi," nikamjibu.

Nikaenda kukaa kwenye kiti changu. Miaka miwili baadaye alizikwa hapa hapa mjini, mtaa wa pili tu kutoka kwangu, na watu wakanipitia mlangoni wakiniita twende. Nikawaambia nendeni.